Tovuti Moja, Simu Nyingi: Kwa Nini Ukurasa wa Kikundi Hauonekani Sawa kwa Kila Mtu



Vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi vinataka kuwa na tovuti. Zamani kikundi kikishapata cheti, muhuri na akaunti ya benki, kilijihesabu kimekamilika. Leo wanachama husema, "Na sisi tuwe kwa intaneti, watu wa mbali waone kazi yetu." Jambo hilo ni zuri na hatulipingi. Lakini kuna mtego ambao tumeuona ukiwanasa watu wazuri, na ndio tunaotaka kuueleza katika toleo hili.

Mtego wenyewe ni huu: ukurasa unaoonekana safi kabisa kwa kompyuta ya fundi unaweza kuharibika, ama kukataa kufanya kazi, kwa simu ya mtu mwingine. Na yule mtu mwingine ndiye mnunuzi.

YALIYOKIPATA KIKUNDI KIMOJA

Kuna kikundi cha kina mama 22 huku Ukambani ambao husuka vyondo vya mkonge. Wametuomba tusilitaje jina lao, nasi tumekubali. Walichanga shilingi 500 kila mmoja kwa miezi miwili, wakapata shilingi 22,000, wakampa kijana mmoja fundi wa kompyuta awatengenezee tovuti.

Siku ya kuonyeshwa kazi, fundi alileta laptop yake katika ofisi yetu. Kamati iliketi, na sisi tulikuwapo. Picha za vyondo zilijipanga tatu tatu, bei chini yake, na kando kitufe cha kijani kilichoandikwa "Agiza". Fundi alikibonyeza, fomu ikafunguka. Watu walipiga makofi. Mweka hazina alimlipa pesa zote siku hiyo hiyo. Ni lazima tukiri kwamba hata sisi tulisema kazi ni safi, wala hatukuuliza swali hata moja.

Miezi mitano ilipita bila oda. Halafu mwezi wa Novemba, mama mmoja wa Ujerumani ambaye aliwahi kununua vyondo vyao alipotembelea hapa alimtumia mwenyekiti ujumbe. Alisema amejaribu mara kadhaa kuagiza vyondo vya Krismasi kwa tovuti na hakuna anayemjibu. Ujumbe huo ulisomwa mkutanoni, na hapo ndipo moto uliwaka. Namba ya siri ya barua pepe ya kikundi ilikuwa na katibu peke yake. Mmoja akauliza, "Kama oda zinakuja, zinaenda wapi?" Hakuna aliyelitamka neno "mwizi", lakini kila mtu alilisikia. Katibu alitoa muhuri kwa mkoba wake, akauweka juu ya vitabu, akaenda nyumbani bila kusema neno.

Tuliitwa kusuluhisha. Tulifika tukiwa tumejitayarisha kwa ugomvi wa pesa. Barua pepe ilifunguliwa mbele ya wote: hakukuwa na oda hata moja, iliyosomwa wala iliyofutwa. Wengine bado hawakuridhika. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kila mtu humwita Susu, aliposema, "Hebu mnionyeshe hiyo tovuti kwa simu yangu. Mimi nilichanga na sijawahi kuiona."

Kumbe wengi wao hawakuwa wameiona. Tuliomba kila mwenye simu ya intaneti aiweke mezani. Zilikuwa tisa. Kwa simu ya mwenyekiti, ambayo ni mpya kidogo, kila kitu kilikuwa sawa. Na kamati ilikuwa ikitazama simu hiyo moja siku zote. Kwa simu ya Susu maandishi yalikuwa madogo kama siafu. Kwa simu mbili zilizotumia Opera Mini, kitufe cha "Agiza" kilibonyezwa na hakikufanya lolote. Kwa simu nzee ya iPhone ambayo mama mmoja alipewa na binti yake, majina ya vyondo yalikuwapo, lakini mahali pa picha palikuwa na visanduku vitupu, na kitufe kilikuwa kimekufa.

Tovuti ilikuwa moja, saa ilikuwa moja, na meza ilikuwa moja.

Tulimwandikia yule mama wa Ujerumani atupigie picha ya kile anachokiona. Ilikuwa iPhone nzee vilevile: visanduku vitupu na kitufe kisichofunguka. Hakuna aliyeiba. Oda hazikuwa zimetumwa kamwe.

Mwenyekiti, Susu na sisi tulienda nyumbani kwa katibu kumwomba msamaha. Alirudi, lakini baada ya mwezi mzima. Krismasi ilikuwa imepita, na mnunuzi alikuwa ameshanunua zawadi zake kwingine.

UKURASA WA TOVUTI SI PICHA

Kikundi kikichapisha kalenda, kila nakala hutoka sawa na nyingine. Wengi wetu hudhani tovuti ni hivyo hivyo. Sivyo. Tovuti ni barua ya maagizo. Barua hiyo hukaa kwa kompyuta ya mbali inayoitwa seva, na inasema mambo kama haya: hiki ni kichwa cha habari, weka picha hii hapa, chini yake weka bei, kitufe kiwe kijani.

Mtu akitaka kuiona, programu iliyo ndani ya simu yake huichukua barua ile, huisoma, na kuuchora ukurasa papo hapo. Programu hiyo ndiyo huitwa kivinjari. Chrome ni kivinjari. Safari ya iPhone ni kivinjari. Vingine ni Firefox, Edge, Opera Mini na Samsung Internet. Wengi wetu tunakitumia kila siku bila kujua jina lake, tunasema tu, "Naingia Google."

Maagizo yenyewe ni ya aina tatu. Ya kwanza huitwa HTML, na husema kitu hiki ni nini: kichwa, aya, picha, kitufe. Ya pili huitwa CSS, na husema kitu hicho kionekane vipi: rangi, upana, nafasi. Ya tatu huitwa JavaScript, nayo husema kitu kifanye nini kikiguswa.

Basi kila kivinjari ni kama fundi wa cherehani anayepewa vipimo vilevile. Mwambie fundi wa kwanza, "Sketi kiunoni iwe sentimita 70." Atakata kitambaa cha 74, kwa sababu anajua sentimita 2 kila upande zitaingia kwa mshono. Fundi wa pili atakata 70 kamili, halafu ashone ndani, na sketi itatoka na 66. Wote wawili walifuata namba uliyowapa. Tofauti ni kwamba hawakukubaliana mshono unahesabiwa wapi.

Jambo hili hili lilitokea kwa vivinjari. Tuseme maagizo yanasema sanduku la picha liwe na upana wa vipimo 300, nafasi ya ndani 20 kila upande, na ukingo wa 5 kila upande. Kanuni ya CSS ilisema 300 ni ya ndani peke yake, kwa hivyo sanduku zima lifike 350. Lakini Internet Explorer 5 ya Windows ilihesabu vyote ndani ya ile 300. Ukipanga masanduku matatu kwa ukurasa wa 900, kwa Internet Explorer 5 yalitosha barabara. Kwa kivinjari kilichofuata kanuni yalifika 1,050, na lile la tatu likaanguka chini kama mtu aliyekosa kiti kwa matatu.

Leo kuna agizo moja fupi, box-sizing, ambalo fundi huliandika kuviambia vivinjari vyote mshono uhesabiwe wapi. Fundi mwenye mazoea mazuri huliweka mwanzoni.

UGOMVI HUU ULIANZA WAPI?

Mtu aliyebuni mpango huu wa kurasa ni Mwingereza, Tim Berners-Lee. Alitoa wazo lake mwaka 1989 akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, na mwaka 1990 akaandika kivinjari cha kwanza. Nia yake ilikuwa kwamba ukurasa mmoja usomeke kwa kompyuta ya aina yoyote.

Mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kilitoa Mosaic, kivinjari kilichoonyesha picha pamoja na maandishi. Mwishoni mwa 1994 ikaja Netscape Navigator, na mwaka 1995 Microsoft ikatoa Internet Explorer. Hapo mashindano yakaanza. Kila kampuni ilibuni maagizo yake yenyewe ili kuvutia watu. Netscape ilileta maandishi ya kuwakawaka. Internet Explorer ikaleta maandishi yanayotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wenye tovuti wakaanza kubandika tangazo kwamba ukurasa wao unaonekana vizuri zaidi kwa kivinjari fulani. Ni kama duka liandike mlangoni, "Tunahudumia waliovaa viatu vya kampuni fulani tu."

Kulikuwa na watu waliotaka masikilizano. Mwaka 1994 Berners-Lee alianzisha W3C, baraza la kuandika kanuni za pamoja. Mwezi wa Desemba 1996 baraza hilo lilitoa kanuni ya kwanza ya CSS. Lakini sote tunajua kwamba katiba nzuri ndani ya kabati haiendeshi kikundi. Kampuni zilifuata walichopenda na kuacha kingine.

Mwaka 1998 mafundi wa tovuti wenyewe waliungana katika Web Standards Project, wakazishinikiza kampuni kufuata kanuni. Mwaka 2005 walitoa jaribio lililoitwa Acid2. Lilikuwa mchoro wa uso unaotabasamu. Kivinjari kilichofuata kanuni kiliuchora uso mzima. Kilichokosea kiliuchora umevunjika. Aibu ile ilisaidia, kwa sababu kosa sasa lingeonekana hata na mtu asiyejua chochote kuhusu kompyuta.

Baadaye vivinjari vingine viliingia: Safari mwaka 2003, Firefox 2004 na Chrome 2008. Internet Explorer, iliyowasumbua mafundi miaka mingi, iliondolewa rasmi na Microsoft tarehe 15 Juni 2022. Na tangu mwaka huo 2022, Apple, Google, Microsoft na Mozilla hukubaliana kila mwaka, katika mpango uitwao Interop, ni mambo gani wayarekebishe ili vivinjari vyao vifanane.

KWA NINI SISI BADO TUNAUMIA?

Mtu anaweza kuuliza: kama wakubwa wamepatana, mbona Susu hakuona kitu? Kuna sababu tatu.

Kwanza, simu zetu ni za umri mbalimbali. Safari ya iPhone husasishwa pamoja na programu kuu ya simu yenyewe. iPhone 6, kwa mfano, haikupewa mfumo mkuu mpya kupita ule wa nambari 12. Fundi wetu alikuwa ameweka picha za aina ya WebP, ambazo ni nyepesi na nzuri, lakini Safari ya iPhone ilianza kuzielewa katika mfumo wa 14, mwaka 2020. Simu nzee ilipozikuta, ilionyesha visanduku vitupu. Simu ya Android nayo huweza kupata Chrome mpya bila kubadilisha mfumo wote, lakini kusasisha kunakula data, na watu wengi huahirisha. Mwisho wake, Android za zamani sana nazo huachwa nyuma.

Pili, kuna vivinjari vya kuokoa data. Opera Mini, iliyotolewa na kampuni ya Norway na kuenea duniani tangu 2006, ilipendwa sana kwetu kwa sababu bando dogo linaenda mbali. Ukiiweka kwa hali ya kubana zaidi, ukurasa husomwa kwanza na seva za kampuni hiyo, hubanwa, ndipo hutumwa kwako ukiwa umepungua. JavaScript hufanyiwa kazi kule mbali kwa muda mfupi tu. Vitufe na menyu zinazoitegemea mara nyingi hukataa.

Tatu, fundi huwa na kompyuta nzuri, kivinjari kimoja kipya na intaneti ya haraka. Hafanyi hila. Anaamini anachokiona. Tulipompigia simu kijana yule, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Lakini mum, kwangu si iko sawa?" Na ni kweli, kwake ilikuwa sawa.

KIVINJARI KIKIKUTA NENO KISICHOLIJUA

Hapa kuna jambo ambalo likieleweka, nusu ya kazi imekwisha.

Kivinjari cha zamani kikikuta neno jipya la HTML, hulipuuza neno lile lakini huonyesha maandishi yaliyo ndani yake. Kikikuta agizo jipya la CSS, huliruka hilo moja na kuendelea na mengine. Labda rangi itakosekana, lakini bei itasomeka. Lakini kikikuta mwandiko mpya ndani ya JavaScript ambao hakiuelewi kabisa, hulikataa faili lile lote. Ni kama dereva aliyekuta kibao cha barabarani asichokijua, akazima gari na abiria wote wakakaa hapo. Hilo ndilo lililoua kitufe cha "Agiza" kwa zile iPhone nzee mbili.

Kwa hivyo kanuni ya kujenga ni ile ya nyumba: msingi kwanza, rangi baadaye. Jina la kitu, picha, bei, namba ya simu na njia ya kuagiza ziandikwe kwa HTML ya kawaida, ili hata kivinjari dhaifu kizionyeshe. Halafu CSS ipambe. JavaScript ije mwisho, kuongeza urahisi. Ikikosekana, mtu bado aweze kununua.

MAMBO SABA YA KUMWULIZA FUNDI

Si lazima ujue kuandika maagizo haya. Hata mama asiyejua kuchoma matofali hujua kuligonga tofali asikie kama limeiva. Mwulizeni fundi hivi:

1. Je, mstari wa kwanza wa kila ukurasa una tangazo la DOCTYPE html? Tangazo hilo hukiambia kivinjari kwamba ukurasa unafuata kanuni. Likikosekana, vivinjari hurudia mazoea ya miaka ya 1990.

2. Je, umeweka agizo liitwalo viewport? Kivinjari cha simu kisipoambiwa upana, hujifanya kina skrini pana ya kompyuta, kwa kawaida karibu vipimo 980, halafu hukaza kila kitu kiingie kwa kioo kidogo. Ndiyo yale maandishi ya siafu ya Susu. Dawa yake ni mstari mmoja tu.

3. Je, upana umepimwa kwa asilimia ama kwa vipimo visivyobadilika? Sanduku la vipimo 900 haliwezi kuingia kwa simu ndogo. Sanduku la asilimia 100 hufuata kioo kilichopo.

4. Je, picha zina aina ya pili ya akiba? Fundi anaweza kuweka WebP kwa simu mpya na JPEG kwa simu nzee, na kivinjari kikachagua chenyewe. Pia kila picha iwe na maelezo ya maneno, ili isipofunguka mtu ajue ni kiondo gani. Na picha zipunguzwe uzito. Picha iliyotoka moja kwa moja kwa kamera ya simu humaliza data ya watu.

5. Je, bei na namba ya simu zimeandikwa kama maandishi, ama zimo ndani ya picha? Zikiwa ndani ya picha na picha isifunguke, zimepotea. Zikiwa maandishi, mtu anaweza kuibonyeza namba na kupiga simu hapo hapo.

6. Je, mtu anaweza kuagiza JavaScript ikiwa imezimwa? Mwambieni aizime mbele yenu, kisha ajaribu. Fundi mzuri hatakasirika.

7. Je, umeupeleka ukurasa kwa mkaguzi? W3C ina mkaguzi wa bure, validator.w3.org, anayeusoma ukurasa na kuonyesha makosa ya mwandiko kwa nambari ya mstari. Ukurasa wenye makosa machache huwapa vivinjari nafasi ndogo ya kubahatisha.

Na fundi akiwaambia, "Andikeni tu kwamba watu watumie Chrome," msikubali. Hamwezi kumchagulia mnunuzi simu yake.

ZOEZI LA SIMU MEZANI

Zoezi hili tumelifanya na vikundi kadhaa tangu siku ile. Linachukua kama saa moja, na halina gharama ila data kidogo.

Kusanyeni simu tano au zaidi zisizofanana. Hakikisheni kuna simu ya Android ya bei ya chini yenye Chrome, simu yenye Opera Mini iliyowekwa kubana data zaidi, iPhone, hasa nzee, na simu yenye kivinjari ilichokuja nacho kutoka dukani. Halafu mtu mmoja aende saiba afungue tovuti kwa kompyuta yenye Firefox ama Edge. Kama mna wanunuzi mbali, waombeni wawatumie picha ya skrini.

Katibu achore jedwali kwa daftari. Kila simu iwe na mstari wake, na maswali haya matano yaulizwe kwa kila moja:

- Je, maandishi yanasomeka bila kuyavuta kwa vidole?
- Je, picha zote zinaonekana?
- Je, bei iko karibu na kitu chake, ama imehamia kwa kitu kingine?
- Je, mtu akiagiza, oda inafika? Msiishie kwa kubonyeza. Tumeni oda ya majaribio na mwone imeingia.
- Je, namba ya simu ikibonyezwa inapiga?

Andikeni ndiyo ama la. Kila "la" lipelekwe kwa fundi pamoja na jina la simu, jina la kivinjari na nambari ya toleo lake, ambayo hupatikana kwa mipangilio ya kivinjari. Mkimwambia tu "haifanyi", hatajua aanzie wapi. Rudieni zoezi kila baada ya miezi sita, na kila mara tovuti inapobadilishwa, kwa maana vivinjari hubadilika hata kama nyinyi hamjagusa kitu.

Wacheni pia kulipa pesa zote siku ya makofi. Andikeni mapatano: nusu mwanzoni, nusu baada ya jaribio la simu kupita. Na namba ya siri ya barua pepe iwe kwa watu wawili wa kamati, ili mmoja asibebe lawama peke yake.

KUFANANA SI KUWA SAWA KABISA

Tusimwonee fundi naye. Vikundi vingine hudai tovuti ionekane sawasawa, nukta kwa nukta, kwa kompyuta na kwa simu. Hilo haliwezekani, na si la lazima. Kwa skrini pana vyondo vinaweza kujipanga vitatu vitatu. Kwa simu ndogo kimoja kimoja, kimoja chini ya kingine. Kona za kitufe zinaweza kuwa za mviringo kwa simu mpya na za mraba kwa simu nzee. Hayo si makosa.

Kosa ni pale mtu mmoja anaposoma bei na mwingine haioni, ama mmoja anaagiza na mwingine anafungiwa mlango. Nyumbani kwetu wageni wakija wengi, hawakai wote kwa kochi. Mwingine hupewa stuli, mwingine hukaa kwa mkeka. Lakini hakuna anayenyimwa chai. Tovuti ya kikundi iwe hivyo.

Fundi wa kikundi kile alirudi na kurekebisha kwa siku mbili. Mstari wa viewport, picha za akiba na fomu ya kawaida ya kuagiza ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Kikundi kilimlipa shilingi 3,000 za ziada, ingawa mweka hazina alinung'unika. Kabla ya kupokea, kijana mwenyewe aliomba simu ya Susu aijaribu. Oda ya kwanza iliingia mwezi wa Machi, vyondo sita, na katibu ndiye aliyeisoma mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kama kikundi chenu kina tovuti, ni wanachama wangapi wamewahi kuifungua kwa simu zao wenyewe?
2. Wanunuzi wenu hutumia simu za aina gani? Mmewahi kuwauliza?
3. Ni nani anayejua namba ya siri ya barua pepe ya kikundi? Mnaridhika na mpango huo?
4. Kitu kikikwama katika kikundi chenu, huwa mnakagua chombo kwanza, ama mnamkagua mtu kwanza?

Swali la mwisho lijadiliwe polepole. Sisi wenyewe tulienda kwa mkutano ule tukiwa tumelijibu vibaya.